Baridi Kali na Mwindaji wa Fesanti: Aende au Asiende?

Katika majimbo ya Marekani yaliyo katikati ya bara, mbali na bahari zote mbili, yaani South Dakota, North Dakota, Minnesota, Iowa na Nebraska, kuna swali linaloulizwa katika majiko mengi kila mwaka baina ya Desemba na Januari, nalo ni hili: mwenye nyumba aende kuwinda leo au akae? Swali lenyewe lahusu ndege tu, tena ndege ambaye aghalabu hazidi kilo moja na nusu; lakini jawabu lililotolewa kwa pupa limekwisha kuwaacha wengine wajane na wengine yatima. Askari na polisi, pamoja na wake zao wajuao vizuri maana ya kumngoja mtu ambaye saa yake ya kurudi imepita, hawatashindwa kulielewa swali hilo hata kama hawajapata kuiona theluji.

Mkazi wa Kabale, wa Nyeri au wa Mbeya aamkapo asubuhi ya mwezi wa Julai hujitanda blanketi na kusema kuwa kuna baridi, wala hasemi uongo. Hata hivyo, yafaa ifahamike kwamba maji huganda yafikapo nyuzi sifuri za Sentigredi, na kwamba katika nyanda za Dakota kipimajoto hushuka hadi nyuzi 15, nyuzi 20, na mara nyingine nyuzi 30 chini ya hiyo sifuri. Hapo pumzi huganda katika ndevu, kope za macho hunata, mlango wa gari hukataa kufunguka, na chuma kikishikwa kwa mkono mtupu wenye unyevu huing'ang'ania ngozi. Nyanda hizo ni tambarare, hazina milima wala misitu ya kuzuia upepo utokao kaskazini, nao upepo huo huja bila kupiga hodi.

Ndege awindwaye huko ni fesanti, wa ukoo mmoja na kuku na kwale. Mtu aliyewahi kutembea katika majani marefu akagutushwa na kwale aliyechomoka miguuni pake kwa kishindo cha mabawa, amekwisha kuonja nusu ya utamu wa uwindaji huo. Jogoo wa fesanti ana shingo ya kijani inayong'aa yenye utepe mweupe, uso mwekundu, na mkia mrefu. Mtetea wake ana rangi ya majani makavu, ili asionekane anapoatamia. Asili yao si Marekani. Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, aliwapeleka ndege hao kutoka China hadi jimbo la Oregon mwaka 1881 na 1882, na baadaye wakaenezwa katika majimbo mengine. South Dakota iliruhusu uwindaji wa kwanza mwaka 1919, tena kwa siku moja tu katika wilaya ya Spink. Mwaka 1943 jimbo hilo lilimfanya fesanti kuwa ndege wake rasmi, na kufikia mwaka 1945 ilikadiriwa kwamba walikuwako fesanti wapatao milioni 16.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita, na hapa kuna habari itakayowapendeza wasomaji waliopata kusafirishwa kwa magari ya moshi wakiwa na mizigo yao migongoni. Katika stesheni ya mji wa Aberdeen, South Dakota, akina mama wa mji na wa mashamba ya jirani waliwapokea wanajeshi waliokuwa wakipita kwenda vitani au kurudi, wakawagawia mikate iliyojazwa nyama ya fesanti, bila kutoza hata senti. Kabla ya kantini hiyo kufungwa mwaka 1946, wanajeshi zaidi ya nusu milioni walikuwa wamekwisha kulishwa. Kwa hiyo huko fesanti si mchezo wa matajiri tu. Ni chakula cha nyumbani, na watu wengi humhesabu kuwa sehemu ya historia ya wazee wao.

Sheria ya South Dakota humruhusu mwindaji majogoo watatu kwa siku, wala haimruhusu kupiga mtetea. Sababu yake ni rahisi: jogoo mmoja huwatosha mitetea wengi, hivyo majogoo wakipungua mayai hayapungui. Kupiga risasi huanza saa nne asubuhi na kukoma jua likichwa, na jua la mwisho wa Desemba huchwa yapata saa kumi na moja jioni. Tangu mwaka 2020 msimu wa jimbo hilo umerefushwa hadi tarehe 31 Januari, na kwa ajili hiyo swali la kwenda au kutokwenda limepata majuma mengine kadhaa ya kuulizwa.

Amwitaye mwindaji wa Januari mwendawazimu hamtendei haki. Mtu huyo anazo sababu zake, na sababu hizo ni za kweli. Mwezi wa Oktoba, msimu unapofunguliwa, mahindi mengine yangali yamesimama mashambani, ndege wametawanyika kila mahali, na vinamasi vyenye matete vimejaa maji hata havipitiki. Majira ya baridi yakifika, mahindi yamekwisha kuvunwa, nyasi zimelazwa na theluji, na mahali pekee pa kujisitiri ni katika matete manene na katika mistari ya miti iliyopandwa kukinga upepo. Ndege hukusanyika huko kwa makumi. Kinamasi nacho kimeganda, hivyo mtu aweza kuingia kwa miguu pale ambapo Oktoba angezama hadi kiunoni. Theluji mpya huonyesha nyayo waziwazi kama maandishi katika karatasi. Wawindaji wageni wamekwisha kurudi makwao, na mwenye shamba aliyekataa watu Oktoba huenda sasa akakubali. Theluji laini ya usiku mmoja, jua limechomoza, hewa imetulia: siku kama hiyo, hata ikiwa na nyuzi 12 chini ya sifuri, ni siku njema kwa mtu mwenye mavazi yafaayo, na kumkataza kutoka ni kumwonea.

Basi tatizo si baridi peke yake, bali ni kuitambua baridi ya namna gani. Katika jambo hili watu wengi hukosea kwa kukitazama kipimajoto tu na kuusahau upepo. Mwili wa binadamu hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopashwa moto na ngozi. Upepo ukivuma huichukua hewa hiyo, na mwili hauna budi kuipasha moto nyingine, nayo ikachukuliwa tena. Wataalamu wa Marekani na Kanada walitengeneza jedwali jipya la kukadiria jambo hilo mwaka 2001. Kwa mujibu wa jedwali hilo, hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa huiumiza ngozi sawa na nyuzi 28 chini ya sifuri, na kwa hali hiyo sehemu ya uso iliyoachwa wazi yaweza kuganda kwa muda wa nusu saa. Siku yenye nyuzi chache za baridi lakini yenye upepo yaweza kuwa mbaya kuliko siku ya baridi kali isiyotikisa hata jani. Zaidi ya hayo, upepo huinua theluji iliyokwisha kuanguka, ukaivurumisha hata mtu asiuone mkono wake aliounyosha mbele. Hapo aweza kupotea mita 100 kutoka katika gari lake mwenyewe.

Yupo atakayesema kwamba mtu mzima mwenye macho huona hali inapobadilika, akarudi. Jibu la maneno hayo lilipatikana tarehe 11 Novemba 1940, na ingawa wawindaji wa siku ile walikuwa wa bata wala si wa fesanti, fundisho ni lile lile. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, hivyo watu walikuwa mapumzikoni. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida kwa mwezi ule. Wanaume kwa vijana waliingia katika mashua ndogo, wakaenda kwenye visiwa na matete ya mto Mississippi, wengi wao wakiwa wamevaa koti jepesi tu. Kabla ya saa sita mchana mbingu ikageuka. Upepo ukaja kwa nguvu, mvua ikawa barafu, barafu ikawa theluji, na joto likaporomoka kwa saa chache tu.

Lililowaponza wengi ni neema. Bata walikuwa wakiikimbia tufani ile, wakashuka mtoni kwa maelfu, wakiruka chinichini, makundi kwa makundi, kwa wingi ambao wawindaji hawakuwa wamepata kuuona. Nani angeondoka wakati kama huo? Walibaki wakipiga. Walipotanabahi, mawimbi ya mto yalikuwa yamekuwa makubwa mno kwa mashua zao, na njia ya kurudi imefungwa. Wakakesha visiwani wakiwa wamelowa. Miongoni mwa waliopona wako waliopindua mashua wakajificha chini yake, na wako waliozunguka miti usiku kucha bila kukubali kuketi. Kulipopambazuka, wengi waliokuwa wameketi hawakuinuka tena.

Kwa jumla watu wapatao 150 walikufa katika majimbo yaliyopitiwa na tufani hiyo, wakiwemo mabaharia wa meli zilizozama katika ziwa Michigan. Katika Minnesota peke yake walikufa watu 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata. Rubani mmoja wa mji wa Winona, jina lake Max Conrad, aliirusha ndege yake ndogo katika upepo ule ule, akawatafuta walio hai juu ya visiwa, akawadondoshea makopo yenye chakula, kiberiti na sigara, na pombe pia, ambayo waganga wa leo wasingeiruhusu, kwa maana pombe huifungua mishipa ya ngozi na kuupoteza upesi ule moto mdogo uliosalia mwilini. Baada ya msiba huo utaratibu wa kutabiri hali ya hewa ulibadilishwa, kwani ofisi ya Chicago iliyokuwa ikitoa utabiri kwa eneo lile haikuwa na mtu wa kukesha usiku. Siku hizi utabiri hupatikana saa zote, tena kwa kila wilaya. Asiyeusoma hana udhuru waliokuwa nao wale wa 1940.

Hata hivyo, kuna adui mwingine ambaye utabiri haumtaji, naye ni akili ya mwindaji mwenyewe baada ya saa tatu katika baridi. Mwili wa mtu mzima una joto la nyuzi 37. Ukishuka chini ya nyuzi 35, mtu amekwisha kuwa mgonjwa. Kwanza hutetemeka, kisha vidole havitii, akashindwa kufunga kifungo au kuingiza risasi, halafu ulimi huwa mzito na miguu hujikwaa. Baadaye kutetemeka hukoma, na yeye hudhani kwamba amepata nafuu, kumbe ndipo hatari inapozidi. Wengine wamekutwa wamevua makoti yao, kwa kuwa mwili ukaribiapo kushindwa huwadanganya kwamba kuna joto. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba uwezo wa kupima mambo huanza kupungua mapema, kabla mhusika hajajua. Mtu huyo ukimwuliza kama yu mzima, atajibu kwamba yu mzima kabisa.

Kwa sababu hiyo, haifai kuuacha uamuzi mikononi mwa mtu aliyeko kondeni. Uamuzi ni wa usiku uliotangulia, mezani, penye taa na chai. Askari watatambua utaratibu huu: ofisa mwenye busara huweka kabla ya kutoka ni jambo gani litamrudisha, wala hangoji kuanza kubishana na nafsi yake akiwa amechoka. Mipaka yenyewe na iwe ya mambo yanayoonekana, si ya hisia. Kwa mfano: upepo ukifika mahali pa kupeperusha theluji juu ya ardhi, ni kurudi. Mmoja akilowa mguu, ni kurudi wote. Ikifika saa tisa alasiri, ni kurudi, hata kama mfuko una jogoo mmoja tu au hauna kitu. Kuambiana kwamba "hali ikiharibika tutaondoka" si mpaka, kwa sababu hakuna mwindaji aliyewahi kukubali kwamba hali imekwisha kuharibika maadamu mbwa angali ananusa mbele yake.

Na mezani hapo mke wa nyumba ana neno lake. Katika nyumba nyingine mume huona ni aibu kuulizwa maswali na mkewe juu ya mambo ya bunduki. Lakini maswali yenyewe si ya bunduki. Unakwenda shamba la nani? Utaliacha gari wapi? Unakwenda na nani? Utarudi saa ngapi, na ikipita saa ngapi nipige simu? Mume asiyeweza kujibu maswali hayo manne hajajiandaa, na kutojibu kwake ndilo jibu la swali la kwenda au kukaa. Kama jibu la "na nani" ni "peke yangu na mbwa", na upepo umetabiriwa, mazungumzo yangeweza kuishia hapo.

Yako mambo machache ya vifaa ambayo lazima yapimwe usiku huo huo. Mavazi yawe ya sufu au ya nyuzi za kisasa zisizonywa maji, yavaliwe moja juu ya jingine, wala yasiwe ya pamba karibu na ngozi, kwani pamba ikilowa hukaa na maji na kuuiba moto wa mwili. Ajabu ya baridi ni kwamba humlowesha mtu kwa jasho lake mwenyewe: anayekanyaga theluji ya magotini hutoka jasho hata penye nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha akisimama kupumzika jasho lile hugeuka barafu mgongoni. Heri kutembea polepole na kufungua koti kabla ya jasho kuliko kusifiwa kwa mwendo. Viatu visibane, kwani mguu uliobanwa haupati damu.

Bunduki ya marisau nayo ina desturi zake wakati wa baridi, na hapa askari hawahitaji kufundishwa sana. Mafuta mazito huganda yakafanya pini ipige kivivu au isipige kabisa, kwa hiyo husafishwa na kupakwa mafuta mepesi kidogo sana. Glavu nene hukizuia kidole kuhisi kifyatulio, na koti nene huzuia kitako cha bunduki kukaa begani ipasavyo, mambo mawili ambayo yamesababisha risasi kutoka kabla ya wakati wake. Baya kuliko yote ni theluji kuingia katika mtutu mwindaji anapoanguka au anapopita matete. Mtutu ulioziba waweza kupasuka ukipigwa, ukamharibu mpigaji mikono na uso. Anguko moja, basi toa risasi zote na utazame mtutu kabla ya kuendelea. Na bunduki iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa ghafula katika chumba chenye moto hutokwa jasho la maji ndani na nje, maji yale yakaleta kutu, au yakaganda kesho yake asubuhi.

Barafu ya kinamasi ndiyo inayowahadaa wenyeji hata kuliko wageni. Kanuni itumikayo Minnesota ni kwamba barafu mpya, safi, ya sentimita 10 hivi humchukua mtu anayetembea. Lakini fesanti hawakai katikati ya ziwa lililo wazi. Hukaa ndani ya matete, na huko theluji hulala juu ya barafu kama blanketi, ikaizuia isinenepe. Chemchemi hutoka chini, na panya wa majini hupitapita karibu na viota vyao wakiyatibua maji. Barafu inaweza kuwa sentimita 20 mahali pamoja, na hatua kumi mbele isiwe na hata sentimita nne. Kwa kawaida maji ya vinamasi hivyo si marefu ya kumzamisha mtu. Yatosha kumlowesha hadi mapajani, naye yuko kilomita moja na nusu kutoka katika gari, upepo ukiwa usoni pake. Hapo hesabu ya majogoo imekwisha, na kilichobaki ni hesabu ya dakika.

Mbwa haombi kurudi nyumbani. Mwenziwe ndiye atazame nyayo zake, ambamo theluji hujifungafunga katikati ya vidole ikawa mawe ya barafu, na ncha za masikio, zinazoganda upesi. Mbwa anayeinua mguu mmoja mmoja na kusitasita amekwisha kusema alilokuwa nalo.

Kuhusu gari, ufundi wote ni mmoja: likikwama katika theluji, mtu abaki ndani yake. Wengi waliokufa walikufa wakienda kwa miguu kutafuta msaada, ilhali gari lao lilionekana baadaye bila taabu. Ndani ya gari huwekwa koleo, blanketi, mshumaa na kiberiti, chakula kikavu, na chupa ya chai ya moto. Injini huwashwa kwa dakika chache kila saa, lakini baada ya kutoka nje na kuondoa theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likiziba, moshi hurudi ndani, na sumu yake haina rangi wala harufu. Betri nayo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake katika baridi kali. Ile iliyowasha gari kwa shida nyumbani asubuhi haitawasha shambani jioni.

Baada ya mwindaji kujifikiria yeye na mbwa wake, bado kuna ndege. Fesanti wanaweza kustahimili njaa kwa siku nyingi. Kinachowaua zaidi ni kukosa mahali pa kujisitiri. Katika tufani, theluji laini huwajaa puani na mdomoni ikaganda, wakakosa pumzi. Wakiwa wamejikusanya katika matete ya mwisho yaliyobaki, na mwindaji akawafukuza saa kumi jioni huku upepo ukianza, majogoo watatu aliowachukua hawatalipunguza kundi hata kidogo, lakini mitetea aliyowarusha kuelekea nyanda zilizo wazi huenda wasirudi kabla ya usiku. Hao ndio wangetaga masika. Wawindaji waungwana huingia kwenye kinamasi mapema, hukipita mara moja, kisha hukiacha kitulie. Siku za baridi kali mno wengine hawaingii kabisa katika matete ya kulalia, hata kama sheria yawaruhusu, na jambo hili lastahili kusifiwa kuliko picha za majogoo waliopangwa juu ya gari.

Chukua mfano wa nyumba moja ya kubuniwa katika South Dakota, Ijumaa jioni mwishoni mwa Desemba. Utabiri wasema Jumamosi itakuwa na nyuzi 16 chini ya sifuri, asubuhi shwari, na baada ya saa nane mchana upepo wa kaskazini-magharibi wa kilomita 40 kwa saa. Kwa hesabu ya lile jedwali, upepo huo utaifanya hewa iiume ngozi kama nyuzi 29 chini ya sifuri. Theluji mpya ipo ya kutosha kupeperushwa. Baba anao mwenzi wa kwenda naye, mzoefu. Gari ni zima. Kinamasi kinachokusudiwa kiko kilomita mbili kutoka barabarani. Wapo watakaosema asiende kabisa. Wengine watasema aende kama kawaida, kwa kuwa asubuhi ni shwari. Lililo jema zaidi ni kukiacha kinamasi kile cha mbali, aende kwenye mstari wa miti ulio karibu na barabara, aanze saa nne kamili sheria inaporuhusu, na saa saba mchana awe amekwisha kufunga bunduki katika mfuko wake. Huenda atapata jogoo mmoja. Kama utabiri ungesema upepo waanza saa nne, mahali pake pangekuwa jikoni, akimsaidia mkewe kupika wale wa Novemba waliohifadhiwa kwenye friji, kwa moto mdogo na mchuzi mwingi, maana nyama ya fesanti haina mafuta na hukauka upesi.

Familia za Kiswahili zilizotoka Kongo na Burundi na kuhamia miji kama Sioux Falls na Des Moines zimejifunza sehemu kubwa ya mambo haya bila kushika bunduki, kwa kungojea basi tu alfajiri. Watoto wao huambiwa shuleni siku gani wasitoke nje kucheza, na wazazi waliokuja na makoti ya kuazima wamekwisha kuwa mabingwa wa sufu.

Limebaki jambo la wale wanaoitwa usiku. Mwindaji asiporudi, mkewe humpigia simu sherifu wa wilaya, na sherifu huwaamsha askari wake pamoja na wenyeji wa kujitolea, wenye magari ya kupita katika theluji. Watu hao nao wana nyumba, na hutoka katika upepo ule ule ambao mwindaji aliona haumhusu. Polisi yeyote aliyewahi kutumwa gizani kumtafuta mtu aliyejipoteza mwenyewe anajua maneno yanayosemwa ndani ya gari hilo, na hayafai kuchapishwa. Wanachokihitaji kwanza ni mahali pa kuanzia. Katika nyumba zilizo makini karatasi hubandikwa ndani ya mlango wa jiko kabla ya safari, yenye jina la mwenye shamba, barabara, upande ambao gari litaachwa, na saa ya kupiga simu. Na mke akishaisoma saa hiyo hana ruhusa ya kuongeza nusu saa kwa huruma.